Sofa Mpya Inayoumiza Kiuno: Sponji Italegea, Mbao Hazitalegea

Swali: Kwako fundi. Wiki tatu zilizopita mimi na mume wangu tulitengenezewa sofa ya pembe, ya watu saba, na fundi mmoja wa kando ya Barabara ya Ngong. Tulimwonyesha picha kwenye simu, tukakubaliana shilingi 95,000, tukalipa nusu siku hiyo na nusu ilipoletwa nyumbani. Kwa macho ni nzuri sana, lakini nikiikalia nusu saa kiuno kinaniuma na miguu inakufa ganzi. Mama mkwe alipotutembelea kutoka Machakos alishindwa kuinuka, hadi mume wangu akamshika mikono yote miwili, na tangu hapo akaomba akalie kiti cha plastiki. Fundi anasema tutaizoea. Mume wangu anasema tuvumilie miezi miwili. Tuvumilie, tuirudishe, au tufanye nini? (Msomaji, Donholm)

Jibu: Dada yangu, pole. Shilingi 95,000 ni fedha za kujinyima, na najua inavyouma kuona mama mkwe akiketi kwenye kiti cha plastiki huku sofa mpya imekaa tupu mbele yake. Nimetengeneza na kurekebisha viti vya sebuleni kwa miaka mingi hapa Nairobi, na malalamiko kama yako nimeyasikia mara nyingi. Karibu kila mara mwenye sofa huwa ameambiwa neno hilo hilo uliloambiwa wewe, kwamba ataizoea.

Neno hilo lina ukweli nusu. Sponji mpya hulegea kidogo katika wiki za kwanza za kukaliwa, kwa hiyo ukali wa mto mpya hupungua wenyewe. Fremu ya mbao hailegei. Kimo cha kikalio kutoka sakafuni, kina chake kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye egemeo, na mwinamo wa egemeo lenyewe vilikwisha kuamuliwa siku mbao zilipopigiliwa misumari, na havitabadilika hata mkivumilia miaka miwili. Ndiyo maana sikubaliani na mume wako kuhusu miezi miwili, ingawa naelewa nia yake njema. Kabla ya kuvumilia lolote, ni lazima mjue kwanza kama kinachowaumiza ni sponji au ni vipimo, kwa sababu kama ni vipimo, kungoja kutawapunguzia haki ya kulalamika bila kuwapunguzia maumivu.

Dalili ulizozitaja, ganzi ya miguu na mama kushindwa kuinuka, zinanielekeza kwenye vipimo kuliko kwenye sponji. Kikalio kikiwa na kina kuliko urefu wa paja lako, una njia mbili tu za kukaa. Ukirudi nyuma hadi mgongo uguse egemeo, ukingo wa mbele unakubana nyuma ya goti, mahali ambapo mishipa ya damu na ya fahamu hupita karibu na ngozi, na nyayo zako pengine hazigusi sakafu vizuri. Hapo ndipo ganzi inapoanzia. Ukisogea mbele ili miguu itue, kiuno kinabaki hewani bila kuegemea chochote, nyonga zinapinda kuelekea nyuma, na mzingo wa asili wa uti wa mgongo pale kiunoni unanyooka au hata kugeuka upande wa pili. Misuli ya kiuno hulazimika kushikilia mwili wote kwa nusu saa hiyo, na ndiyo inayokulalamikia. Ganzi ikiendelea hata siku ambazo hukuikalia sofa hiyo, usilichukulie kuwa jambo la samani, mwone daktari.

Tafuta tepu ya kupimia, ile ya fundi au hata ya mshonaji. Keti kwenye kiti kigumu cha mezani, mgongo umegusa egemeo, nyayo zikiwa bapa sakafuni, kisha mume wako akupime mara mbili: kwanza kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, halafu kutoka mahali makalio yanapogusa egemeo hadi nyuma ya goti. Andika. Sasa hamia kwenye sofa na upime kina cha kikalio kutoka ukingo wa mbele hadi pale mto wa egemeo unapoanzia. Kimo cha kikalio kipimwe mtu akiwa ameketi, kwa kuwa mto uliopimwa mtupu unaweza kuonyesha sentimita 45 na ukikaliwa ukashuka hadi 37, na hiyo 37 ndiyo magoti ya mama yanayopambana nayo.

Kina kinachofaa ni kile ambacho, ukiwa umeegemea vizuri, kinaacha nafasi ya vidole vitatu au vinne kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti, yaani kama sentimita 5. Mwanamke mwenye kimo cha wastani mara nyingi hupata kati ya sentimita 44 na 48 kwenye kile kipimo cha paja. Sofa nyingi za kukaa wima hutengenezwa na kina cha sentimita 50 hadi 56, na tayari hapo mtu mfupi huhitaji mto mdogo nyuma yake. Sofa za pembe za mtindo wa siku hizi hufika sentimita 60 na kupita. Ukikuta yako ina 62, huhitaji kunieleza tena kiuno kinaumia kwa nini.

Naomba nieleze jambo hili linavyotokea, maana nami nimewahi kulifanya. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa Kayole aliniletea picha aliyotumiwa na mwanawe aliye ng'ambo. Niliitengeneza sofa ile kwa uaminifu, kina chake sentimita 62, na nilijivunia kazi yangu. Nilipopita baada ya mwezi kuchukua salio nilimkuta mzee ameketi juu ya mkono wa sofa, kama mtu anayesubiri matatu. Hapo nikaelewa kwamba sofa iliyo kwenye picha ile ilibuniwa kwa ajili ya watu wanaopandisha miguu juu na kujilaza wakitazama televisheni, ilhali mzee yule alitaka kuketi wima, kupokea wageni, kunywa chai na kuinuka. Picha ya simu haionyeshi sentimita. Tangu siku hiyo sipokei oda ya sofa kabla sijamketisha mwenye nyumba kwenye kiti na kumpima magoti. Fundi wako huenda alifanya kosa lile lile bila nia mbaya yoyote, na ukilijua hilo mtazungumza naye vizuri zaidi.

Kina kilichozidi hurekebishika, na hiyo ni habari njema. Njia ya haraka ni mto wa ziada nyuma ya mgongo, lakini usiwe ile mito myepesi ya mapambo inayobonyea na kuteleza. Shonesha mto wenye sponji imara, mpana karibu kama nafasi ya mtu mmoja, wenye unene unaolingana na sentimita zilizozidi. Kama kina ni 62 na wewe unahitaji 42, basi unene wa sentimita 20. Ukikaa na mto huo wiki moja na kiuno kikatulia, utakuwa umethibitisha chanzo cha maumivu kwa gharama ndogo kabisa. Ndipo mwite fundi afanye marekebisho ya kudumu: afungue kitambaa cha egemeo kwa ndani, aongeze sponji ya unene huo huo, kisha afunge upya. Mwambie aweke sponji imara sehemu ya chini inayoshika kiuno na laini zaidi sehemu ya juu inayopokea mabega, kwa sababu egemeo lenye ugumu mmoja kutoka juu hadi chini hukusukuma mabega mbele na kukuacha kiuno kitupu.

Vile vitambaa vya kufuma tunavyovitandaza juu ya sofa, hata kama ni kazi ya mikono ya shangazi, viondoe kwenye kikalio kwa muda wa majaribio. Huteleza, navyo humsogeza mtu mbele pole pole bila yeye kujua.

Sasa tuje kwa mama mkwe, kwa kuwa shida yake si sawa na yako. Ili mzee mwenye magoti mabovu ainuke bila kushikwa mikono, kikalio kikiwa kimekaliwa kinapaswa kuwa sawa na nyuma ya goti lake au kuzidi kidogo. Kikishuka sentimita 5 au zaidi chini ya hapo, magoti hulazimika kuubeba mwili wote kutoka kwenye pembe kali, na mtu mwenye baridi yabisi hana nguvu hizo. Unaweza kuinua sofa yote kwa kubadilisha miguu. Miguu mingi ya sofa zetu hufungwa kwa skrubu chini ya fremu, na fundi anaweza kuweka mirefu zaidi kwa saa moja au mbili. Hakikisha ameibadilisha yote, pamoja na ule mguu wa katikati unaojificha chini ya kipande kirefu, maana ukiachwa ukining'inia, fremu itapinda katikati. Msiweke matofali wala vipande vya mbao visivyofungwa. Kwenye sakafu ya vigae huteleza, na siku vitakapoteleza huenda mama ndiye atakuwa anainuka.

Hata hivyo, ukiinua sofa yote kwa sentimita 6, wewe ambaye miguu yako tayari inakufa ganzi utazidi kuning'inia. Kwa nyumba kama yenu mimi ningechagua kumtengenezea mama mahali pake pamoja na kuacha kimo cha sofa nzima kama kilivyo. Chagueni kiti cha mwisho, kile chenye mkono, kwa sababu mzee huinuka kwa kusukuma mkono wa kiti, na kamwe msimketishe kwenye kona ya sofa ya pembe. Kona haina mkono, ina kina kuliko sehemu zote, na mtu akishaingia humo hana pa kushika. Kwenye kiti hicho kimoja, sponji ya mto ibadilishwe kwa iliyo imara na nene zaidi kiasi cha sentimita zinazopungua, na nyuma pawekwe ule mto wa kupunguza kina. Ukiwa umevishwa foronya ya kitambaa hicho hicho, hakuna mgeni atakayegundua, na mama hatahisi kwamba ametengwa.

Baada ya vipimo ndipo tuiangalie sponji, na hapa nakuomba uwe na subira nami, kwa sababu ni eneo ambalo wanunuzi wengi hupotezwa. Madukani na kwenye vibanda utaambiwa sponji ni hai densiti, kisha utabonyezewa uone ilivyo ngumu. Ugumu na densiti ni vitu viwili tofauti. Densiti ni uzito wa sponji kwa kila mita moja ya ujazo, nao ndio unaoonyesha kwa kiasi kikubwa kama itadumu. Ugumu ni nguvu inayotakiwa kuibonyeza. Kuna sponji nyepesi iliyotengenezwa iwe ngumu, ambayo itakufurahisha siku ya kununua na kubonyea shimo kabla ya mwaka kuisha, na kuna sponji nzito lakini laini inayodumu miaka. Kwa kikalio cha sofa inayotumika kila siku, mimi sikubali chini ya kilo 28 kwa mita ya ujazo, na hupendelea 32 au zaidi.

Unaweza kuipima mwenyewe. Fungua zipu ya mto mmoja, toa sponji, na upime urefu, upana na unene wake. Tuseme ni sentimita 60 kwa 60 kwa 15. Zidisha namba hizo zote tatu, utapata sentimita za ujazo 54,000, ambazo ni sawa na mita za ujazo 0.054. Peleka sponji kwenye mizani, hata ya muuza nafaka wa mtaani. Kama ni densiti ya 32, itakuwa na uzito wa kilo 1.7 hivi, kama ni ya 18, haitafika hata kilo moja. Gawanya uzito kwa ujazo, na jibu utakalopata halina ubishi. Tahadhari moja: ukikuta sponji yenye vipande vya rangi mbalimbali vilivyogandishwa pamoja, hiyo ni ya mabaki yaliyosagwa na kushinikizwa. Ni nzito sana na ngumu sana, na uzito wake usikudanganye. Hufaa kuwa tabaka la chini, lakini mto mzima wa aina hiyo ni kama kukalia gunia la mahindi.

Ikiwa densiti ni nzuri, vipimo ni vizuri, na kinachobaki ni ugumu tu, hapo mume wako ana haki na mnaweza kungoja. Zungusheni mito kila wiki ili ilegee kwa usawa badala ya kila mtu kung'ang'ania mahali pake. Baada ya wiki nane, kama bado ni ngumu, fundi anaweza kupunguza sponji ya juu kwa sentimita 3 na kuufunga mto kwa tabaka la pamba ya poliesta.

Kama mnazama badala ya kuumizwa na ugumu, tatizo liko chini ya mito. Iondoe, bonyeza msingi kwa kiganja kutoka upande hadi upande, usikilize mlio wowote na utafute mahali panaposhuka kuliko pengine. Ni springi za nyoka, zile za waya uliopindapinda, zilizochomoka kwenye vishikizo, au mikanda iliyopigwa pini chache. Usichane wewe mwenyewe kile kitambaa cheusi cha chini. Acha fundi akifungue mbele yako, asije akasema baadaye kwamba wewe ndiye uliyeharibu.

Sasa kuhusu kurudisha. Nitasema wazi, kwa sababu sitaki uende huko na matumaini yasiyo na msingi. Sheria ya Kenya inakulinda, lakini kutoizoea sofa hakuitwi kasoro peke yake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaokubalika na ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidi bidhaa hiyo, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ametoa dhamana kwamba bidhaa yake ina ubora unaofaa kuuzwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo ni Sura ya 31, inaongeza mambo mawili yanayokuhusu sana. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Kwa hiyo kama uliahidiwa sponji ya densiti fulani na mizani ikaonyesha vingine, una hoja nzito. Na kama ulimweleza fundi matumizi maalumu, kwa mfano kwamba mama mwenye magoti mabovu ataikalia, ukategemea ujuzi wake, kitu alichotengeneza kinapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Lakini kama ulimwonyesha picha tu, naye akatengeneza kama picha, hoja yako ni dhaifu, na busara ni kutafuta marekebisho kuliko kudai fedha zote.

Sheria hiyo hiyo inamhesabu mnunuzi kuwa ameikubali bidhaa akikaa nayo kwa muda unaozidi kiasi bila kusema kwamba anaikataa. Wiki tatu zimekwisha kupita, na ulilalamika kwa mdomo. Leo hii liweke lalamiko lako kwenye maandishi. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa wa malipo yote mawili, ile picha uliyomwonyesha, na mazungumzo yenu yote ya simu. Mkishindwana kabisa, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na inayosikiza kesi pale Milimani, hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hukuruhusu kujieleza bila wakili, na imewekewa siku 60 za kutoa uamuzi. Nakutajia hiyo ili ujue ipo. Kwa uzoefu wangu, fundi anayetegemea sifa yake barabarani huja kurekebisha akiambiwa kwa heshima na kwa namba, na mara nyingi hupendelea hivyo kuliko kukodi pikapu ya kuirudisha sofa iliyopandishwa ngazi kwa taabu.

Mwandikie hivi, ukibadilisha namba kulingana na ulichopima: "Habari ya asubuhi, fundi. Asante kwa kazi uliyotufanyia. Tumepima sofa na tumekuta kina ni sentimita 62, ilhali sisi tunahitaji 42, na kimo kikikaliwa ni 37, ilhali mama anahitaji 43. Inatuumiza na hatujaikubali ilivyo. Tunaomba uje Jumamosi uikalie mwenyewe, kisha tukubaliane uongeze sponji ya egemeo na ubadilishe mto wa kiti cha mwisho. Tafadhali nijibu hapa." Hayo maneno kwamba hamjaikubali ilivyo yasikosekane. Kuhusu gharama, msikilize anachosema kwanza. Kama sponji haikulingana na ahadi, ailipie yote, na kama kosa ni la picha, kugawana nusu kwa nusu ni haki kwenu nyote.

Akija, usimwache apime kwa macho. Mpe tepu mkononi na umketishe pale mama alipokuwa ameketi. Na kabla ya Jumamosi hiyo mpigie mama mkwe simu Machakos, umwombe mjukuu aliye naye ampime kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti akiwa amevaa viatu anavyovaa akija kwenu, maana hicho ndicho kipimo pekee ambacho wewe na fundi hamtaweza kukipata Donholm.